Chumba cha Oydin

Wanasesere wote walikuwa wamegeukia ukutani.

Zebiniso alisimama mlangoni, ndoo ya maji mkononi. Jana yake aliwapanga mwenyewe kwenye rafu, wakubwa nyuma, wadogo mbele, nyuso zikielekea kitandani. Sasa aliona visogo vitupu.

"Oydin! Nani kakwambia uwaguse?"

Binti yake wa miaka minne akaja akitafuna zabibu kavu. "Siyo mimi, mama. Mwenyewe hapendi kutazamwa."

"Mwenyewe nani?"

Mtoto akapandisha mabega, akarudi zake uani.

Zebiniso akasonya. Alidhani anamjua huyo mwenyewe. Katika nyumba ile ya mjini Margilan walikuwa watatu tu: yeye, mtoto, na mama mkwe wake, Bi Sabohat. Mumewe, Ilhom, alikuwa Urusi akiwajengea watu maghorofa. Ndiye aliyepiga simu akasema mtoto amekua, apewe chumba chake, kile cha mwisho karibu na tanuri la mkate. Tangu siku hiyo Bi Sabohat alinuna. Mara chumba kina unyevu, mara kina panya, mara mifarishi ya wageni itawekwa wapi. Sababu yenyewe hakuisema. Na Zebiniso, ambaye miaka sita alikuwa akipika kwa ruhusa na kucheka kwa ruhusa, aliapa kwamba safari hii hatakubali.

Aliitoa mifarishi yote, iliyorundikwa toka sakafuni hadi darini. Akasugua masizi, akapaka rangi ya manjano mara mbili. Akatundika kitambaa cha nakshi alichokidarizi usichanani mwake, makomamanga mekundu na mizabibu. Seremala akaleta kitanda kifupi na masanduku matatu: moja la nguo, moja la vitabu vya picha, moja la vikorokoro. Alikuwa hajawahi kuwa na kitu chake ndani ya nyumba ile. Chumba hiki kilikuwa cha binti yake, kwa hiyo kilikuwa chake.

Alimkuta mkwewe jikoni akikata karoti za pilau.

"Mama, kama una neno, niambie usoni. Usiende kugeuza midoli ya mtoto kama mchawi."

Kisu kikasimama. "Imegeuka?"

"Unajifanya hujui!"

"Mkaza mwana, shusha sauti. Rudisha mifarishi mahali pake, leo hii. Mtoto alale kwangu."

"Nilijua tu! Chumba kikipendeza, unakitaka wewe!"

Bi Sabohat aliacha karoti, akatoka kukichungulia kile chumba kwa mbali. Zebiniso aliliona hilo, lakini hasira ilikuwa imemziba macho.

Siku ya pili ukaja mnuko. Sufu ya kondoo ikiungua. Zebiniso alikagua tanuri, likawa baridi. Akaingia chumbani akakuta rangi ya manjano imebabuka juu ya kitanda cha mtoto, na chini yake masizi yamerudi, meusi, mabichi, yana alama za vidole virefu vilivyokwaruza kutoka juu kwenda chini. Akachukua brashi akapaka tena, akilaani kwa sauti. Ukutani, nyuma ya rangi mbichi, kitu kikakwaruza kikifuata brashi yake. Akienda kulia, nacho kulia. Akisimama, nacho kinasimama.

"Panya," akajiambia. Lakini hakumaliza ule ukuta.

Siku ya tatu, adhuhuri, jua likiwa kali hata kuku wamejificha, Oydin aliingia chumbani kuchukua kitabu, na mlango ukajifunga. Zebiniso aliyekuwa akianika nguo aliusikia ukigonga, akaita, mtoto akaitika kwa kilio, akausukuma kwa bega ukakataa, akasikia ndani vitu vikiburutwa, kitanda, masanduku, kitu kizito kikipandishwa juu ya kitu kizito, na humo humo sauti ya binti yake ikizidi kuwa ndogo kana kwamba anaita kutoka mbali, mpaka akakimbilia shoka la kuni akarudi akaupasua ule mlango mapigo matano huku akipiga kelele mpaka koo likawaka.

Kitanda kilikuwa kimesimamishwa wima pembeni. Kitambaa cha nakshi kilikuwa kimechanwa vipande. Na mifarishi, ile aliyoihamishia chumba cha wageni kwa mikono yake, ilikuwa imerudi, imerundikwa toka sakafuni hadi darini, imekunjwa vizuri, na katikati ya rundo ulichungulia mguu mdogo usio na kiatu.

Aliivuta mifarishi akaiangusha. Oydin alikuwa wa buluu midomoni. Zebiniso akampulizia, akamtikisa, akampulizia tena, hata mtoto akakohoa. Kisha akafumbua macho na kusema, kwa sauti nzito ya mzee mwenye kikohozi:

"Nilipewa. Nani kakupa ruhusa ya kupaka rangi?"

Bi Sabohat alikuwa mlangoni. Alikaa chini palepale, juu ya vipande vya mbao.

"Ilhom alikuwa na miaka mitano," alinong'ona. "Kitu hiki kilimwingia. Siku tisa hali, hanywi. Kikasema kitatoka kikipewa pa kukaa. Nikakipa chumba hiki. Nikaapa: ni chako mpaka siku nitakayokufa mimi."

"Ukanyamaza."

"Nilidhani miaka mingi hivi kimekwisha kwenda."

"Umeniona napaka! Umeniona naleta kitanda! Ukanyamaza ili usiaibike, mwanangu akafa!"

"Hajafa, mkaza mwana..."

"Usiniite hivyo!"

Walimwita otin Hanifa, mwalimu wa dini wa wanawake wa mtaa. Alifukiza isiriq, majani makavu ya kufukuzia pepo, hadi macho yakawatoka machozi, akasoma toka alasiri hadi magharibi. Moshi ulijaa uani kote, ila ulipofika kwenye kizingiti cha chumba kile uligeuka ukarudi.

Otin akafunga msahafu wake. "Hakikuvamia, hiki. Kimekaribishwa kwa kiapo, na mwenye kiapo yu hai. Kutoka hakitoki. Kitamwachia mtoto iwapo aliyekikaribisha atakaa nacho."

"Kwa muda gani?" akauliza Bi Sabohat.

"Wewe ndiye uliyetaja muda."

Oydin alikuwa akikoroma mapajani mwa mama yake, na pumzi zake zilinuka sufu iliyoungua. Zebiniso akamtazama mkwewe.

"Ulikitoa wewe chumba," alisema. "Ingia."

Bi Sabohat akachukua mto wake na birika la chai, akaingia. Kabla hajafika kitandani, Oydin aliamka akaomba maji, kwa sauti yake mwenyewe.

Ilhom aliporudi alifoka, akamwita mkewe mnyama. Akamwinua mama yake amtoe. Mguu wa bibi ulipogusa kizingiti tu, Oydin akaanguka uani, midomo ya buluu. Ilhom akamrudisha mama yake ndani mbio. Hakufoka tena.

Miaka kumi na minne imepita. Kila asubuhi Zebiniso hupeleka mkate na chai, huviweka chini, huondoka bila salamu. Hajasamehe, na hasemi kwamba atasamehe.

Majira ya baridi yaliyopita, Bi Sabohat alishikwa na homa ya mapafu. Daktari alipima akasema mzee hatafika asubuhi, waiteni jamaa. Ilhom alilia ukumbini. Bi Sabohat mwenyewe alikuwa na furaha, akimshika mkaza mwana wake mkono: "Nakwenda, mwanangu. Kiapo kimekwisha, sasa kitatoka. Niombee nisichelewe." Usiku wa manane pumzi zikakatika. Zebiniso akamfumba macho, akamfunga kidevu kwa kitambaa, akatoka kuchemsha maji ya josho.

Aliporudi na maji, maiti ilikuwa imekaa kitako, mfarishi umevutwa hadi magotini, kitambaa cha kidevu kimekunjwa vizuri kando ya mto. Machozi yalikuwa yakimtiririka Bi Sabohat mashavuni, na mdomo wake ukafunguka kwa sauti nzito yenye kikohozi:

"Bado."