Gari la Wagonjwa Linalozima Mlimani

Chiriku alipotoka shule hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia gereji ya shangazi yake, akavua viatu, akavaa ndala, akaanza kazi yake ya kila siku: kufuta spana kwa kitambaa na kuzirudisha ukutani, kila moja kwenye msumari wake. Jina la Chiriku alipewa na shangazi mwenyewe, maana mdomo wa mtoto huyo haukujua likizo. Alizungumza na spana, alizungumza na matairi, na wateja ndio usiseme.

Shangazi alikuwa kinyume chake. Alikuwa fundi wa umeme wa magari, mwanamke mrefu wa maneno machache, na mteja yeyote aliyemuuliza gari lake lina nini alijibiwa vilevile: "Sijui bado. Niachie nipime." Jibu hilo lilimkera Chiriku kupita kiasi. Fundi wa gereji ya jirani alisikiliza injini mara moja tu, akataja ugonjwa, na watu wakamsifu. "Shangazi yako kila kitu hajui," rafiki yake wa dawati moja alimtania, darasa zima likacheka. Chiriku alicheka nao, lakini moyoni aliumia.

Siku hiyo uani palikuwa na gari la wagonjwa la kituo cha afya. Dereva wake, mzee mnene na mpole, alieleza huku akijifuta jasho.

"Fundi, gari hili litanipandisha presha. Asubuhi linawaka vizuri. Nikianza kupanda mlima wa kwenda hospitali kubwa, linazima. Likipoa, linawaka tena kama si lenyewe. Juzi limezima na mama mjamzito ndani! Tumesukuma, mimi na muuguzi, mpaka tukapata msaada. Mama na mtoto wazima, lakini safari nyingine je? Mafundi wamebadilisha plagi, wamebadilisha vichujio, wapi!"

"Linapozima, linakohoakohoa kwanza au linakata tu?"

"Linakata tu."

"Sijui bado, mzee. Niachie nipime," alisema shangazi, akaingia ndani kuchukua vifaa.

Dereva alimgeukia Chiriku. "Binti, wewe unaishi naye. Anadhani ni nini?"

Chiriku akakumbuka kicheko cha darasani. "Ameshajua, ila hapendi kujisifu," alisema. "Ni pampu ya mafuta."

Uso wa mzee ulichangamka. "Afadhali! Basi naenda kuinunua sasa hivi. Wagonjwa wananisubiri." Akatoka mbiombio.

Shangazi aliporudi alifunga geji kwenye bomba la mafuta, akawasha injini. "Pampu haina neno," alisema. "Tazama mshale ulivyosimama imara."

Chiriku aliutazama mshale. Angeweza kunyamaza. Lakini alimwona yule mama mjamzito akilini, na mzee akisukuma, maneno yakamtoka yenyewe. "Shangazi, nimemwambia mzee ni pampu. Nimesema wewe ndiye uliyesema."

Shangazi aliweka bisibisi chini. Hakufoka. "Kimbia," alisema.

Chiriku alikimbia na ndala zake, moja ikamvuka njiani, akaiokota bila kusimama. Alimkuta mzee kwenye duka la vipuri, pampu mkononi.

"Usinunue, mzee! Shangazi hakusema. Nimebuni mimi."

Dereva aliitazama pampu. "Unajua, binti," alisema taratibu, "mimi ningeifunga hii, nikampakia mgonjwa, nikapanda mlima bila wasiwasi." Akairudisha pampu juu ya kaunta. Chiriku alitamani ardhi ipasuke.

Waliporudi, injini ilikuwa ikinguruma uani kwa raha zake. Mashine ya kusomea hitilafu haikuonyesha kosa lolote.

"Ugonjwa huu unatuogopa," shangazi alisema. "Unakuja kukiwa na joto, basi tuupelekee joto. Chiriku, kaniazimie draya kwa msusi wa ng'ambo ya barabara."

"Leo mnamsuka nani, gari?" aliuliza msusi, akampa draya ya kukaushia nywele.

Shangazi alifunua boneti, akaonyesha kisanduku cha chuma chenye waya nyingi. "Hii ni kompyuta ya injini. Ndiyo inayoamua mafuta yaingie lini na cheche ipigwe lini. Ikinyamaza, injini haina wa kuiamuru." Akakipulizia kisanduku hewa ya moto, bila haraka, jicho kwenye mashine.

Injini ikakata.

Dereva aliruka. Shangazi hakuruka. Alichukua mita, akagusa waya mmoja baada ya mwingine. "Umeme unaifikia, na waya hazina kasoro. Chakula inapata, lakini ikiitwa haiitiki." Alikipepea kisanduku kwa kipande cha boksi mpaka kikapoa, na injini ikawaka. Akakipasha moto tena, ikakata tena. Hapo ndipo alipozima draya. "Sasa najua," alisema.

Chiriku alisahau kabisa kuzungumza. Aliitazama ile mikono iliyotulia, akaona kwamba hajawahi kumwona shangazi yake vizuri.

Kesho yake kompyuta mpya ilifika, namba zake zikilingana na za ile ya zamani. Shangazi alichomoa betri kwanza, akafungua kisanduku kibovu, akafunga kipya na kurudisha betri. Dereva akapiga stata. Injini ilizunguka na kuzunguka, wala haikuwaka.

"Mungu wangu! Binti, vipi tena?"

"Sijui, mzee," alisema Chiriku. "Ngoja apime."

Shangazi alicheka. "Kompyuta mpya haiujui ufunguo wako, inadhani sisi ni wezi." Aliunganisha kompyuta yake ndogo na gari, akaifundisha ile mpya kuutambua ufunguo. Safari hii stata ilipigwa kidogo tu, injini ikaitikia.

"Twende mlimani," alisema shangazi. "Chiriku, wewe kaa nyuma."

Nyuma palikuwa na kitanda chembamba, mikanda ya kumfungia mgonjwa na dirisha dogo. Chiriku alikaa pale kitandani akashika chuma. Jua lilikuwa kali na injini ilishapata moto. Mlima ulianza, gari likaguna, naye akabana pumzi.

Shangazi aligeuka, akamtazama kupitia dirisha dogo. "Hapo ulipo ndipo alipolala yule mama," alisema. "Ukiona aibu kusema hujui, mkumbuke. Anayelala hapo hatafuti fundi mwenye jibu la haraka, anatafuta kufika. Lakini ulikiri mapema ukakimbia kurekebisha, na kwa hilo nakupa heko."

Gari lilivuta mpaka kileleni bila kusita. Walikuwa wakiligeuza gari, simu ya dereva ilipolia. Alikuwa muuguzi wa kituo cha afya: kuna mgonjwa wa kupelekwa hospitali kubwa, je, gari limepona?

Mzee alimpa Chiriku simu. "Mjibu wewe."

Chiriku aliishika kwa mikono miwili. "Tumelipandisha mlima wote likiwa na moto, halikuzima," alisema. "Tunakuja kumchukua."