Gauni la Mjukuu wa Manamba

"Hii lesi mmeiagiza wapi?" Shangazi Ritha aliuliza, akilishika gauni kwa vidole viwili.

Salome alisimama juu ya kigoda ndani ya kibanda chake cha ushonaji pale Manundu, kavaa gauni lake la harusi. Shangazi wa mchumba wake alikuwa ametoka Handeni kuja kumtazama bibi harusi kwa niaba ya ukoo. Hiza, mchumba mwenyewe, alikaa mlangoni na simu yake.

"Haijaagizwa, shangazi. Ni mkonge. Nilichambua singa, nyuzi zake, nikazichemsha zikalainika, nikasuka."

"Mkonge huuhuu wa kamba?"

"Huohuo. Bibi Shida alinifundisha kusuka kambini, kule shamba la mkonge. Babu alikuja kama manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, akakata mkonge mpaka mgongo ukagoma."

Hiza akakohoa. Shangazi akaliachia gauni.

"Hiza, si ulituambia babu yake alikuwa karani wa shamba?"

Hiza akainamia simu kana kwamba imeita.

Nchi hii ina usahaulifu wa ajabu. Ilikula jasho la watu wa mkonge, ikashiba, kisha ikaligeuza jina lao kuwa tusi.

Salome hakusahau. Kambini, mke wa meneja alikuwa akianika magauni yake nyuma ya nyumba kubwa: ya marinda, ya shanga, ya mikono iliyovimba kama maboga. Salome mdogo alikwenda kuyatazama kila Jumapili kama watu wanavyokwenda ibadani. Siku moja alithubutu kugusa, mlinzi akamzaba kofi lililomwangusha. Alirudi kwa bibi akilia, bibi akamwokotea singa zilizodondoka kwenye nyaya za kuanikia mkonge, wakalishonea gunzi la mahindi gauni. Ufundi wake ulianzia hapo.

Shangazi Ritha hakugomba. Alisema tu kwamba mama yake Hiza itabidi aambiwe, na kwamba Handeni yapo magauni ya kukodi, meupe, yanayong'aa. Akaaga kwa adabu zote, chai hakuigusa.

Walipobaki wawili, Salome alishuka kigodani.

"Kwa nini ulidanganya?"

"Ili wakupokee. Unawajua watu wa kwetu."

"Nawajua. Wewe ndiye nilikuwa sikujui."

"Ni siku moja tu, mama. Vaa la kukodi, yaishe." Akasita. "Na bibi, siku ile, akae nyuma kidogo. Ule mkono wake, watu watauliza."

Bibi Shida alipoteza vidole viwili kwenye kinu cha mkonge. Kwa mkono huohuo alimlea Salome, akamsomesha, akamnunulia cherehani. Siku Hiza alipoleta posa, ndio aliomshika nao kichwani kumbariki.

"Mimi hamkuniposa," Salome alisema taratibu. "Mlimposa mjukuu wa karani. Nendeni mkamtafute."

Hiza alidhani ni hasira zitakazopoa. Alipiga simu, haikupokelewa. Akamtuma rafiki yake Ponsiano, akarudi kama alivyokwenda. Kisha ukaja ujumbe:

"Mama amekubali gauni lako. Ila habari za manamba tuziache, shangazi nimemwambia ulikosea kueleza."

Salome aliusoma akiwa kwenye cherehani. Alimpenda mwanamume yule, na kumpenda hakukuwa kumekwisha. Hilo ndilo lililomuuma. Akaandika:

"Mwambie mama yako babu yangu alikuwa nani. Mwambie leo, nami nitakuja kwa miguu yangu."

Ujumbe ukasomwa. Chini ya jina la Hiza pakaonekana kwamba anaandika. Pakafutika. Pakaonekana tena, pakafutika. Salome aliitazama simu hadi kioo kikazima chenyewe.

Kilichofuata ni barua ya mshenga, ya heshima tupu, ikisema ukoo umeona jambo lisimame kwanza. Bibi Shida aliomba asomewe mara mbili. Kisha akauficha mkono ndani ya khanga.

Mvua zilipokwisha aliingia binti kutoka Mashewa, Loyce, anaolewa na mkulima mwenzake. Alizungusha macho kibandani, yakaganda kwenye gauni. Akaomba ajaribu tu. Likamkaa.

"Dada fundi," alisema, akijigeuza mbele ya kioo na kucheka peke yake, "hili ulikuwa unamshonea nani?"

Salome alikuwa amepiga magoti nyuma yake, anapunguza kiuno, pini mdomoni. Akachomoa pini moja, akaendelea kubana.