Tui la Bibi Safta

Mkesha wa Krismasi, jikoni kwa Bibi Safta hunukia mbegu za bangi. Usishtuke! Ni ile isiyolevya, ambayo wakulima wa Romania huilima kwa kibali cha serikali. Bibi huzitwanga mbegu zake, akachuja tui, akalipika na sukari na kulipaka kwenye mikate myembamba ya sikukuu.

Mwaka mmoja, asubuhi ya mkesha huo, mjukuu wake Ilinca, mwenye miaka kumi na miwili, alitwanga kwa nguvu zote. Mdogo wake Toader alikuwa na kifafa, na vidonge vilimfanya asinzie. Mwaka uliopita aliachwa nyumbani, wenzake wakienda kuimba nyimbo za Krismasi mlango hadi mlango. Safari hii Ilinca aliapa kwamba lazima Toader aimbe.

Alikuwa amesoma kwenye simu kuhusu CBD, dawa ya kifafa inayotokana na mmea huohuo. Kumbe dawa tunayo jikoni, akawaza. Akakificha kidonge cha asubuhi mfukoni, akampa mdogo wake bakuli la tui.

Kweli, Toader hakusinzia. Aliimba kwenye nyumba mbili, akipiga kengele yake ya waimbaji. Kwenye mlango wa tatu kengele ilimponyoka, akaanguka kwenye theluji, mwili mzima ukitetemeka. Ilinca alimlaza ubavu kama alivyofundishwa, akapiga kelele za kuomba msaada. Hakuwahi kuogopa vile.

Kwenye zahanati, Toader alipotulia, Daktari Anca aliuliza kama alikuwa amemeza dawa. Bibi alijibu kwamba amemeza, maana yeye mwenyewe alimkabidhi Ilinca kidonge ampe. Ilinca angeweza kunyamaza. Badala yake akakitoa kidonge mfukoni.

"Hakumeza, Daktari. Nilimpa tui la mbegu."

"Masikini mjukuu wangu," Bibi alisema. "Tui langu lingekuwa dawa, mimi ningekuwa nachechemea hivi?"

Daktari hakucheka. Alieleza kwamba CBD hupatikana kwenye maua na majani, wala si kwenye mbegu. Ile ya hospitali husafishwa, hupimwa, na huandikwa na daktari kwa aina chache tu za kifafa. Kifafa cha Toader hakimo. Mafuta ya CBD ya madukani ni jambo jingine: kila nchi ina sheria yake, na mara nyingi mnunuzi hajui kilichomo.

"Kwa hiyo atasinzia maisha yake yote?" Ilinca aling'ang'ania.

"Hilo ungeniuliza tangu mwaka jana," Daktari alijibu, akabadilisha saa za dawa ili usingizi umjie usiku.

Mkesha wa mwaka mpya, Toader alipiga kengele na kuimba nyumba baada ya nyumba, macho yakiwa wazi, hadi mlangoni kwa Daktari. Ilinca akamkabidhi Daktari mkate wa tui.

"Na kidonge?"

"Amemeza, mimi na Bibi tukimwona."

"Vizuri. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Dawa ikimsumbua mtu wako, usiifiche. Njoo useme, tutafute njia pamoja."

Kisha akaumega mkate, akala, na kumwomba Toader aimbe tena tangu mwanzo.