Kumwonea Wivu Nahodha wa Katuni

Foleni ya duka kubwa mwisho wa mwezi ilikuwa imejikunja hadi kwenye rafu za sabuni. Watoto wanalia, mashine za malipo zinalia, na kila mtu ana haraka zake. Katikati ya vurugu hiyo mwoka mikate mmoja, kijana mrefu mwenye unga kwenye nyusi ambao hakujua anao, aliona upenyo akajipenyeza na katoni yake ya hamira.

"Samahani kaka," sauti ikasema nyuma yake, "foleni inaanzia kule kwenye sabuni."

Aligeuka, na si kwa aibu, ingawa aibu ilimstahili. Sauti ile aliijua. Alikuwa ameisikia sikioni mwake mara nyingi mno, na hajawahi kumwona mwenye nayo. Sasa mwenye nayo alikuwa mbele yake: msichana wa gauni la kijani lililomshika vizuri kiunoni, hereni ndogo za shaba, na kidole kilichonyooshwa kuelekea kwenye sabuni.

"Wewe!" mwokaji akasema. "Wewe ndiye unayeniambia namba ninayopiga haipatikani kwa sasa!"

Foleni nzima ikacheka. Msichana hakutahayari hata kidogo.

"Ndiye mimi. Nakwambia kila siku na hukomi kupiga. Kumbe hata foleni hujui kupanga. Rudi nyuma."

Akarudi mpaka kwenye sabuni. Alipotoka dukani alimkuta mlangoni akihangaika na mfuko uliokatika mpini, akambebea hadi ng'ambo ya barabara, na walipoagana alikuwa na namba yake. Aliipiga hapo hapo, angali anamwona mgongo.

"Inapatikana?" akauliza.

"Wewe endelea kujaribu," msichana akajibu, akaenda zake bila kugeuka, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Wenzake wa studio walimwita Kinanda, na kazi yake ilikuwa hiyo sauti. Alisoma matangazo ya dawa za meno, aliwaambia watu wa kwenye lifti wamefika ghorofa gani, alisikika kila mahali na hakuna aliyemjua sura. Mwokaji yeye alikuwa na tanuri nyuma ya duka dogo la mikate aliloliendesha na dada yake mkubwa. Yeye anaoka, dada anauza na kugombana na wateja. Aliamka kabla ya jogoo, na jua likianza kuzama, macho yake nayo yanazama.

Walipendana haraka, kama watu waliochelewa. Mwokaji alimpelekea mikate ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa, Kinanda akala ganda kwanza na kumrudishia vya ndani. Siku Kinanda aliposafiri kwenda kumwuguza shangazi yake, mwokaji alisimama chini ya dirisha la basi akasema jambo ambalo hata yeye hakujua limetoka wapi.

"Ukiondoka, nabaki unga mkavu. Upepo ukipita tu, nimetawanyika."

Kinanda alilia njia nzima. Jirani yake wa kiti alimpa pole akidhani amefiwa.

Aliporudi akapata kazi aliyoiota tangu utotoni. Ilikuwa tamthilia ya katuni kutoka mbali, ya chombo kilichopotea kati ya nyota, na sasa ilikuwa inatiwa sauti za Kiswahili. Kinanda alikuwa rubani, msichana wa nywele za buluu ambaye nusu ya ubongo wake ni mashine.

"Utaniangalia, mpenzi?"

"Yote. Sikosi hata sehemu moja."

Msimu wa kwanza hakukosa. Alikaa kwenye kochi na dada yake kila jioni ya kuonyeshwa, akampigia makofi rubani kila aliponusurika. Msimu wa pili chombo kikaanguka kwenye shimo la wakati, na hapo ndipo mambo yalipomshinda.

"Huyu nahodha si alikufa juzi?" alimwuliza dada yake.

"Aliyekufa ni nakala."

"Na huyu?"

"Huyu ndiye nakala. Aliyekufa ndiye mwenyewe, ila hajui."

"Hajui kwamba amekufa?"

"Hajui kwamba ni mwenyewe! Hebu nyamaza nisikie."

Alinyamaza, akalala. Jioni iliyofuata alilala tena. Alijaribu kusimama, akalala amesimama, bega ukutani. Na simu ikilia mara tu baada ya wimbo wa mwisho, dada yake alikuwa akimnong'oneza yaliyotokea naye anayarudia.

"Umeionaje, mpenzi?" Kinanda anauliza, bado anahema kama aliyekimbia.

"Ilikuwa ya moto! Hasa pale... pale kwenye mlango."

"Wa kuingilia au wa dharura?"

Dada anaonyesha kwa mikono, mwokaji anakosea kusoma.

"Yote miwili," anasema.

"Unanipenda wewe!" Kinanda anacheka, na anaamini.

Jioni moja alizinduka kwenye kochi, mate shavuni. Kabla hajafungua macho alimsikia Kinanda chumbani, karibu kabisa. "Usiende mbali nami," alikuwa anasema, kwa sauti ile ya chini yenye mkwaruzo kidogo, ambayo mwokaji aliamini ni yeye peke yake duniani aliyewahi kuisikia. Kisha sauti nzito ya mwanamume ikajibu, "Niende wapi, roho yangu?"

Alikurupuka. Kwenye skrini rubani wa nywele za buluu alikuwa amelaza kichwa kwenye kifua cha nahodha mwenye mkono wa chuma.

"Huyo nahodha ni nani?" akauliza.

"Nakala ya..."

"Nauliza sauti, dada. Sauti ni ya nani?"

"Ya Besi. Hujawahi kuona picha zake? Kijana wa watu, kaumbwa akaumbika!"

Tangu hapo akawa na sababu mbili za kutoiangalia ile tamthilia. Usingizi ulimfumba macho, na akifanikiwa kuyafumbua, wivu ulimfanya atamani kuyafumba. Alimwona Besi kwa macho yake wiki ile ile, akimshusha Kinanda kwenye gari dogo jeusi mbele ya duka la mikate. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono inakata. Alimpungia mwokaji mkono na kuita, "Shemeji, habari za kazi?" kwa sauti iliyotetemesha vioo vya kabati la maandazi.

"Shemeji yake tangu lini?" mwokaji aliuliza gari lilipoondoka.

"Jamani! Unamwonea wivu mtu wa katuni?"

"Katuni haina gari."

Kinanda alicheka mpaka akashika meza. Mwokaji hakucheka. Alirudi kwenye tanuri, na asubuhi ile wateja walilalamika kwamba mikate imeungua chini.

Msimu wa tatu ulipokuwa tayari, studio iliwaalika ndugu na marafiki kwenye ukumbi mdogo wa sinema kuonja sehemu ya kwanza kabla haijaonyeshwa kwa watu. Mwokaji alivaa suti ya kijivu aliyoazima kwa mume wa dada yake, mikono mifupi kidogo. Kinanda alikuja na gauni refu la rangi ya zambarau, mgongo wazi, nywele kazibana juu. Mwokaji alipomwona alisahau maneno yote. Bahati mbaya Besi hakuyasahau.

"Kinanda, leo umetuua!" akasema, kisha akamgeukia mwokaji. "Shemeji, niambie ukweli. Ulishtuka rubani alipogundua ana pacha?"

Dada hakuwapo. Kinanda alimtazama mpenzi wake akitabasamu, akisubiri.

"Nilishtuka sana," mwokaji akasema. "Pacha! Nani angejua?"

Tabasamu la Kinanda likanywea. "Hana pacha," alisema polepole. "Besi anakutania. Hakuna pacha popote."

Taa zikazimwa kabla hajajibu. Walikaa bega kwa bega, kila mmoja akitazama mbele. Chombo kiliruka, nyota zikapita, mambo yakalipuka. Kisha rubani akaingia kwenye kijichombo chake kidogo aondoke peke yake, na nahodha akaweka mkono wake wa chuma kwenye kioo.

"Ukiondoka," Besi akasema kwa ile sauti yake, ukumbi mzima ukiwa kimya, "nabaki unga mkavu. Upepo ukipita tu, nimetawanyika."

Mwanamke mmoja mstari wa nyuma alipenga kamasi. Mwokaji alisimama, akakanyaga miguu ya watu, akatoka.

Kinanda alimfuata hadi kwenye ukumbi wa nje, gauni kalishika mkononi asilikanyage.

"Yale ni maneno yangu," mwokaji akasema. "Umempa. Mlikuwa mmekaa wapi mpaka ukamwambia? Mlikuwa mnanicheka?"

"Hapana! Sikiliza. Maneno yaliyoandikwa yalikuwa makavu, mwongozaji akatuuliza sote mezani, kabla ya kurekodi, nani ana mazuri zaidi. Mimi sina kitu kizuri nilichowahi kuambiwa kuliko hicho. Kilinitoka."

"Kule angani wanakula vidonge! Unga nahodha ameuona wapi?"

"Unajuaje kwamba wanakula vidonge?" Kinanda akauliza, sasa naye macho yakawaka. "Umeangalia? Lini? Kila jioni nakupigia moyo unanienda mbio, nangoja neno lako, kumbe nazungumza na dada yako kupitia mdomo wako!"

"Naamka kabla ya jogoo!"

"Ungesema, basi! Ungesema, 'Mpenzi, inanichosha, siielewi.' Ningekufa? Umenidanganya miezi, halafu unaniuliza nilikaa wapi na nani."

Mwokaji akaokota neno lililokuwa karibu, kama mtu anavyookota jiwe. "Akupeleke nyumbani huyo mwenye gari," alisema, akaondoka na suti yake fupi.

Siku zilizofuata alikanda unga kama anayepigana nao. Alipopiga simu, Kinanda alikuwa amezima yake, na sauti iliyomjibu ilikuwa yake huyo huyo Kinanda, tulivu, ikimwambia haipatikani kwa sasa. Aliisikiliza mpaka mwisho, akapiga tena ili aisikilize tena. Dada yake alimwona, akamnyang'anya simu.

"Sikiliza, mdogo wangu. Unamlilia mtu wakati unajua anakofanya kazi. Miguu unayo?"

Studio ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo lenye duka la rangi chini. Mwokaji alipanda ngazi na viatu vyake vya kazini, unga mpaka magotini. Mtu wa kwanza kukutana naye kwenye korido alikuwa Besi, ameegemea ukuta, kikombe cha chai mkononi.

"Shemeji," akasema, bila utani safari hii. "Bora umekuja. Tazama pale."

Kulikuwa na dirisha la kioo kinene. Nyuma yake Kinanda alikuwa amesimama peke yake ndani ya chumba kidogo kisicho na hata kiti, kanga begani, viatu kavua, macho kafumba. Mdomo wake ulikuwa karibu na kipaza sauti, na kwa jinsi midomo ilivyokwenda, alikuwa anamwambia mtu mpenzi. Hapakuwa na mtu.

"Wewe mbona uko nje?" mwokaji akauliza.

"Sehemu zangu narekodi asubuhi. Kila mtu kivyake, ndivyo tunavyofanya. Hatujawahi kusemeshana mle ndani hata neno moja." Besi akanywa chai, akaongeza kwa shida, "Ningependa tungesemeshana. Hilo nisikufiche." Kisha akaingia chumba kingine na kufunga mlango.

Kinanda alipotoka walikaa kwenye ngazi, ngazi moja katikati yao, harufu ya rangi ikipanda kutoka chini.

"Besi amewahi kukutongoza?" mwokaji akauliza.

"Ndiyo. Mwezi wa kwanza wa kazi. Nikamwambia nina mtu."

"Hukuniambia."

"Ungelala?"

"Nisingelala."

"Ungeangalia tamthilia, basi," Kinanda akasema, akacheka kidogo na kujifuta pua. "Maneno yako nimeomba yatolewe. Mwongozaji amenifokea, lakini ametoa. Hayakuwa yangu kuyagawa. Nisamehe."

"Sasa nahodha anasema nini?"

"Anasema, 'Nitakukosa.'"

"Basi?"

"Basi."

"Maskini nahodha," mwokaji akasema, na kwa mara ya kwanza alimwonea huruma. Kisha akavuta pumzi. "Nisamehe na mimi. Niliacha kuelewa pale kwenye shimo la wakati. Nikaogopa kwamba nisipoipenda, utaona sikupendi wewe."

"Mimi sikutaka uipende. Nilitaka unijibu wewe mwenyewe."

"Jambo moja siwezi kukuahidi. Wivu nitaona. Nikisikia unamwita mtu mpenzi, hata awe wa kuchorwa, hapa kifuani panawaka."

"Ona," Kinanda akasema. "Nani amekukataza? Mimi mwenyewe nawaonea wivu wale kina mama wanaokuja kukuchekea asubuhi na kubinya kila mkate. Lakini mtu aone wivu akiwa kwake, mwenzake yuko karibu, amwulize na ajibiwe."

"Kwake wapi?"

Kinanda alishuka ile ngazi moja, akakaa kando yake, akafuta unga uliokuwa kwenye nyusi zake kwa pembe ya kanga.

"Kwetu," akasema.

Mwokaji akageuka kumtazama. "Unaniposa?"

"Nifanye nini? Nikikungoja wewe utalala."

"Ndiyo," akasema, akacheka, machozi yakimlengalenga. "Ndiyo, na ndiyo tena. Lakini siku ya harusi Besi akae meza ya nyuma kabisa."

"Haiwezekani. Nilishamwambia zamani kwamba nikiolewa, mshereheshaji ni yeye."

Wivu ulimpanda mwokaji, na safari hii hakuukimbia. Alimshika mchumba wake mkono, wakaanza kushuka ngazi, na kabla hawajafika chini akamwuliza taratibu kama mji mzima huu haukuwa na mshereheshaji mwingine, mwenye sauti nyembamba.