Mashine Iliyokohoa Mara Mbili

Siku mashine iliposita kwa mara ya kwanza ilikuwa Jumanne ya kawaida. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, migomba inadondosha maji, na mama alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko akimenya ndizi. Mimi nilishika mpini wa mashine. Baba aliviringisha magogo.

Kwetu ni Ndandalo. Baba yangu, Eliud, alikuwa fundi kwenye mradi mmoja wa barabara huko Tukuyu. Mwaka 1993 mradi ulifungwa, mafundi wakapunguzwa kazi, naye akarudi nyumbani na mashine ya kupasulia magogo badala ya kiinua mgongo. Ilikuwa na injini ndogo ya dizeli, pampu, na chuma kinene kama shoka kilichosukumwa na nguvu ya mafuta mpaka gogo lipasuke. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Baba alisema anahitaji mtu wa kushika mpini, mtu asiyekunywa pombe.

"Kwa muda tu, Tusekile," aliniambia.

Mama alivifunga vitabu vyangu kwenye mfuko wa nailoni, akavitundika juu, mchwa wasivifikie. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa shule yangu na rafiki yangu. Sikuwa na mwingine.

Masika yaliyofuata, maji yalikata njia ya Matema na magogo yakaacha kuja. Said, mwenye tanuri la mikate mjini, alikuja kila siku na baiskeli kuulizia kuni. Ndipo baba akachukua msumeno, akaangusha mkangazi uliosimama kichwani mwa kaburi la babu. Hakuwaita ndugu. Hakusema neno lolote pale kaburini.

"Mti ni mti," alisema.

Tangu siku ile hakuna jirani aliyekuja kutusalimu. Wapita njia walikuwa wakizungumza, wakifika usawa wa nyumba yetu wananyamaza.

Babu yangu aliitwa Andongwisye. Sisi Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe wake. Hasemi naye, hamtaji jina, hapishani naye njiani. Kwa hiyo babu, mtu mpole, kila alipokuja kwetu alisimama kwanza njiani, akachomeka fimbo yake ardhini na kukohoa mara mbili. Khm. Khm. Mama akisikia, alijifunika kanga kichwani na kukimbilia migombani mpaka mzee apite. Waliishi jirani hivyo miaka kumi na sita, na mama hakuwahi kuuona uso wake. Alipokufa tulimzika na fimbo yake.

Basi Jumanne ile niliweka gogo la kwanza la mkangazi. Nikasukuma mpini. Chuma kikaenda, kikaligusa gogo, kikasimama. Mashine ikaguna mara mbili. Khm. Khm. Kisha chuma kikaendelea, gogo likapasuka.

Nyuma yangu sufuria ilianguka. Nilipogeuka, ndizi zilikuwa zimetapakaa kwenye tope. Mama alikuwa migombani, amejifunika kichwa, ametupa mgongo.

Said alikuwepo, akacheka. "Mzee Eliud, mashine yako ina pumu! Ipeleke kwa mganga."

"Ina hewa kwenye mafuta," baba akajibu. "Wewe kakande unga wako."

Lakini hakuthubutu kumtazama mama.

Mchana ule, tukiosha vyombo, mama aliniinamia sikioni. "Mwanangu, baba yako anasema ni chuma. Kama ni chuma, kitengenezeni. Ikikohoa tena baada ya kutengenezwa, mimi narudi kwetu Mwaya. Siwezi kuishi nikimkimbia mtu aliyekufa."

Kwa hiyo niliutafuta ule ubovu kama mtu anayemtafutia mama yake dawa.

Baba alinifundisha. Mafuta ya kusukumia chuma yakipungua, pampu hufyonza hewa, na hewa hukandamizika, basi nguvu haifiki. Nikafungua tangi: mafuta yalikuwa na povu jeupe. Nikafurahi sana kuliona povu lile. Tuliongeza mafuta, tukakaza bomba la kufyonzea, tukasukuma chuma mbele na nyuma bila gogo mpaka povu likaisha. Nilisafisha chujio, lilikuwa limejaa uchafu mweusi. Nilivuta mkanda wa pampu, ulikuwa umelegea, tukaukaza. Baba akaniambia pia kwamba pampu ile ina mwendo wa aina mbili: haraka kazi ikiwa nyepesi, polepole ikiwa nzito. Inapokutana na gogo hubadilisha mwendo, na hapo husita kidogo.

"Mara ngapi?" niliuliza.

"Mara moja."

Ijumaa tulijaribu magogo mawili ya mkaratusi. Yakapasuka kama muhogo. Mama alitazama kutoka jikoni, akatabasamu. Lilibaki gogo moja la mkangazi, la shinani.

"Njoo usimame hapa na mimi, mama," nilisema. "Uone mwenyewe."

Akaja. Nilihisi bega lake kwenye bega langu. Baba aliliweka gogo, akarudi nyuma.

Nikasukuma mpini.

Chuma kikaenda. Kikagusa. Kikasimama.

Khm. Khm.

Mama alishika kanga kwa mikono miwili. Hakukimbia. Alinigeukia mimi. "Tusekile," alinong'ona. "Umesikia?"

Nilisikia. Nilisikia kama ninavyosikia mvua. Lakini niliwaza njia ya Mwaya, na jiko bila mama.

"Ni mwendo unabadilika tu," nikasema. "Sijasikia kikohozi, mama."

Aliniamini. Akashusha pumzi. Akaiacha kanga ianguke mabegani.

Injini ikazimika yenyewe.



Kisha njiani, nyuma yangu, mtu akakohoa mara mbili.

Mama alikuwa ameelekea huko huko. Kichwa wazi. Niliyaona macho yake yakipanda, kama mtu anayetazama kutoka miguuni mwa mtu mpaka usoni. Yakatulia.

"Mugonile, tata," alimsalimu, yaani hujambo, baba.

Mkwe hamsalimu baba mkwe. Hayo yalikuwa maneno ya kwanza ya mama kwa babu katika maisha yake yote, na ya mwisho kwa mtu yeyote.

Mimi ni mjukuu. Sisi hatukatazwi kumtazama babu, hata utani tulikuwa naye. Nikageuka. Njia ilikuwa tupu. Baba alikuwa amepiga magoti kwenye vipande vya kuni, mikono kifuani, akimwomba babu radhi, akirudia, "Ndaga, tata. Ndaga."

Kaka yake mama, mjomba Ambwene, alikuja kumchukua Jumapili. Mama aliondoka bila kutuangalia. Baba alirudisha kila kipande cha mkangazi kaburini, akaita ndugu, wakaja wawili tu. Mashine aliifunika turubai. Haijawashwa tena. Vitabu vyangu bado vimetundikwa pale alipoviacha.

Mwezi uliopita nilimwomba baba ruhusa nikaenda Mwaya peke yangu, kwa miguu, asubuhi baada ya mvua kubwa. Nilitaka kumwambia ukweli: kwamba nilisikia, na kwamba nilimdanganya kwa sababu nilimtaka abaki. Nilirudia maneno hayo njia nzima.

Nilimkuta uani anaanika mpunga. Alikuwa amekonda. Alisikia hatua zangu, akainua uso, na kwa kitambo kidogo alinijua. Alianza kutabasamu.

Kisha macho yake yakapita juu ya bega langu.

Akavuta kanga kichwani. Akakimbilia migombani, akasimama huko, ametupa mgongo.

"Mama," niliita. "Ni mimi. Niko peke yangu."

Hakugeuka.

Niligeuka mimi. Njia niliyoijia ilikuwa tupu mpaka barabarani. Kwenye tope kulikuwa na nyayo zangu tu, na kando ya kila unyayo, upande wa kulia, tundu dogo la duara, kama la fimbo.

La mwisho lilikuwa karibu na kisigino changu. Lilikuwa linajaa maji taratibu, na juu ya maji palikuwa na povu jeupe.