Vyungu Visivyopenda Ngoma

Ayoni za kaboni, chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, zilitoka kwenye chanzo chake zikijikokota, vyungu vya metali ya niobi vikazipokea ili kuziongezea kasi. Vilikuwa vimezamishwa ndani ya heli, gesi iliyopozwa ikawa kimiminika, baridi kupita barafu yoyote, hata umeme ukapita ndani yake bila kizuizi. Kila zilipofika kwenye chungu, wimbi la redio lilizisukuma, kama mtu anavyosukuma bembea. Mwisho wa safari zingeingia shingoni mwa Mzee Ambakisye na kuuchoma uvimbe wake wa saratani.

Huyo ndiye aliyekuwa mgonjwa wa kwanza katika kituo kipya cha Mbeya. Mhandisi Bupe, aliyeviunda vyungu hivyo, alikuwa ameanza kutabasamu mwale wa ayoni ulipokatika.

"Chungu cha nne kinatetemeka," ilisema akili-mashine iliyosimamia mitambo. "Hakipatani tena na mawimbi."

Pampu zilikuwa shwari. Bupe akaweka kiganja sakafuni, akahisi: du, du-du, du. Akatoka mbio.

Langoni, ukoo mzima kutoka Kyela ulikuwa ukicheza ngoma, vumbi juu. Aliyeongoza alikuwa dada wa mgonjwa, Mama Tupokigwe.

"Shikamoo, mama. Tafadhali simamisheni ngoma."

"Marahaba. Tumekuja kumtia nguvu kaka yetu. Ngoma imekosa nini, mwanangu?"

"Ardhi ikitikisika hata kidogo, mashine inaacha kusukuma. Dawa haimfikii."

Mama akainua mkono. Kimya kikatanda.

Bupe alirudi akitamba, lakini furaha hiyo haikudumu. Vyungu vilitulia, mzee ndiye aliyeanza kutetemeka, na mwale hauelekezwi kwa mwili unaotetemeka.

"Wamekwenda wapi?" mzee aliuliza kwa sauti ya kukwaruza. "Nilikuwa nawasikia ukutani. Sasa niko peke yangu na hili lidude."

Miaka yote aliyovitafutia vyungu utulivu, Bupe hakuwahi kujiuliza utulivu huo ungemfanya nini mtu aliyelala kitandani.

Akamwendea tena Mama Tupokigwe. Ngoma zikahamishiwa uwanja wa mpira, mbali ng'ambo ya mto, na kinasa sauti kikawekwa katikati ya wachezaji, kiurushe mlio hadi chumba cha matibabu. Bupe mwenyewe akamvika mzee vipokea sauti vya masikioni.

Mabega ya mzee yakalegea. Mwale ukawaka, ukatulia.

"Mzee," Bupe alisema kupitia kipaza sauti, macho kwenye skrini, "naona mguu unacheza!"

"Kidole tu, mwanangu. Shingo nimekuachia wewe."