Skrini Isiyomsikia Mtu

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, asubuhi ya jaribio la sayansi, umeme ukiwa umekatika kama kawaida. Wakubwa wa umeme hawana haraka. Wao hawafanyi majaribio.

Mimi ni fundi viatu. Kusoma niliishia darasa la nne, na tangu mke wangu afariki, namlea binti yetu peke yangu. Wenzake wanamwita Chiriku kwa kuwa hanyamazi. Shuleni kwao wakubwa walileta kompyuta mpakato, wakapigwa picha, wakaenda zao. Betri zikachakaa. Umeme ukikatika, kompyuta zinazima kabla kipindi hakijaisha.

Chiriku akatafuta dawa. Mwalimu wa kompyuta alimwelekeza, akaandika programu: kamera inapima mwanga wa chumba, na kukiwa na giza, skrini inajipunguza mwanga yenyewe ili chaji idumu. Aliijaribu nyumbani kwa kompyuta aliyoazimwa shuleni, mara dirishani, mara chini ya meza yangu, katikati ya soli na gundi.

"Umeijaribu na wenzako?" mwalimu alimwuliza.

"Wote, mwalimu!"

Ulikuwa uongo. Aliyeigusa ni mmoja tu, jirani yake wa dawati, msichana mwenye macho dhaifu waliyemwita Miwani.

"Mbona giza hivi? Herufi sizioni," Miwani alilalamika.

"Utazoea bwana! Unataka nikuwekee jua humo ndani?"

Basi Jumanne hiyo programu ikawekwa kwenye kompyuta zote za kufanyia jaribio. Wingu lilitanda, darasa likawa giza, skrini zikafifia. Miwani akabonyeza kitufe cha kuongeza mwanga. Skrini ikapunguza. Akaongeza tena, ikapunguza tena. Kengele ilipolia, hakuwa amefika hata nusu ya maswali.

"Kompyuta yako ina kiburi kama wewe!" alimwambia Chiriku huku akilia.

Niliitwa shuleni. Niliingia nimefura.

"Mwalimu, mngeleta umeme, mtoto angehangaika na haya?"

"Baba Chiriku, hata mimi nausubiri huo umeme. Karibu uketi."

Kisha akamtazama binti yangu. Chiriku, kwa mara ya kwanza, alisema kwa sauti ndogo, "Sikuijaribu na wote. Miwani aliniambia haoni, nikampuuza."

Nilidhani atafukuzwa. Mwalimu akasema, "Ahsante kwa kusema kweli. Mwite Miwani, mkairekebishe pamoja."

Wakairekebisha. Sasa mtu akiongeza mwanga kwa mkono wake, programu inamwachia, tena inakumbuka kiasi anachokipenda. Ijumaa umeme ulikatika tena. Miwani akarudia jaribio, akamaliza, na chaji ikabaki.

"Leo ina adabu!" alicheka.

Mwalimu akawaambia, "Wanangu, chombo chema humsikiliza anayekitumia. Na anayekitengeneza hasemi amekijaribu mahali ambapo hajakijaribu."

Nilikwenda shuleni kumshukuru, ila sina maneno mazuri ya shukrani. Nilichoona ni kiatu cha mwalimu, kimeachama mdomo. Nikamwomba akivue, nikatoa sindano yangu mfukoni, nikakishona palepale, akabaki amesimama kwa mguu mmoja akicheka. Mungu ambariki. Angeweza kumwaibisha mwanangu, hakufanya hivyo.

Njiani Chiriku akaniuliza, "Baba, kompyuta nimeifundisha kumsikia mtu. Wakubwa wa umeme, nani atawafundisha?"

Kila anayeniletea kiatu namwuliza swali hilo. Wanacheka, wanachukua viatu vyao, wanaondoka.